Mtu Aliyepanda Kando ya Maji

Niseme mapema ili tusidanganyane: mimi sikumwamini yule mwalimu. Sikumwamini aliposhuka kwenye mtumbwi na sanduku lake, sikumwamini aliponifundisha, na kuna pembe ya moyo wangu ambayo haimwamini hata leo, ingawa sina kosa la kumtwika. Kwetu ziwani, huku Nchelenge, kutomwamini mgeni si roho mbaya. Ni adabu tu ya kujilinda, kama unavyoyatazama maji kabla ya kutia mguu.

Alikuwa na jina, na jina lenyewe lilijulikana, lakini hakuna aliyelitumia. Walimu wengine wa shule ya misheni waliitwa kwa majina yao. Ukisema "Mwalimu" peke yake, watu walijua ni yule wa matete, na walishusha sauti kidogo.

Nianze na salamu zake, kwa sababu ndizo zilizotutia shaka kwanza. Kwetu ukikutana na mtu mzima unachuchumaa kidogo, unapiga makofi polepole, unauliza habari za nyumba. Mwalimu alifanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa wauza kuni, hata kwa mlevi aliyelala njiani. Alichuchumaa chini kabisa mpaka suruali ikashika vumbi, akauliza habari za nyumba, za watoto, za nyavu, akangoja jibu. Baba yangu alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, na alimsikiliza siku hiyo ya kwanza bila kubadilisha uso. Mwalimu alipokwenda, baba alisema mtu anayesalimia vizuri hivyo ana jambo analolitafuta, na sisi tukae tukingoja kujua ni jambo gani.

Jambo lenyewe lilikuwa ghuba yetu. Naiita yetu, ingawa haikuwa na hati. Ilikuwa chini ya shule, imejikunja nyuma ya ulimi wa mchanga, na upepo wa ziwa ulipochafuka, pale ndipo penye maji yaliyotulia. Wenye mitumbwi mikubwa na injini hawakuihitaji. Baba alikuwa na mtumbwi mdogo wa kuchonga na wavu wa kukokota aliousokota mwenyewe, na nusu ya mwaka chakula chetu chote kilitoka mdomoni mwa ghuba ile. Kaka yake alikuwa amekwenda migodini, akapotelea huko. Hata kaburi lake hatukulijua. Baba alikuwa akisema kwamba siku akiikosa ghuba, na yeye atapanda lori la migodini. Hakulisema kwa kututisha. Alilisema vile mtu anavyosema kesho ni Jumapili, na mama alikuwa akiinuka na kwenda kutafuta kazi jikoni.

Zamani ghuba ilizungukwa na matete mazito. Mimi nilipopata akili yalikuwa yamekwisha. Watu waliyakata kwa uzio na kwa vichanja vya kukaushia samaki, wakayachoma ili walime mpaka ukingoni, na wanawake waliyafyeka mahali pa kuchotea maji kwa sababu mamba hujificha ndani yake. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba uliteremka, maji yakawa mekundu. Samaki waliozoea kuingia kutaga waliipita ghuba wakaenda kwingine. Hayo yote tuliyaona, lakini tulisema samaki wana miaka yao, wataamua wenyewe.

Mwalimu alikuja na fikra nyingine. Ijumaa mchana ilikuwa saa ya kazi za mikono: wavulana walilima mahindi ya walimu, wasichana tulisuka vikapu. Yeye alituchukua darasa la tano na la sita, wasichana kwa wavulana, akatuteremsha ghubani na majembe. Alituambia tutazame. Tukatazama. Akauliza tunaona nini, tukasema tunaona maji. Akasema, "Hapana. Munaona nyumba isiyo na kuta. Nani anazalia watoto wake humu?" Tukacheka, kwa sababu tulidhani ni kitendawili.

Sasa nieleze kosa lililotuletea balaa, nalo ni kosa ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Mwalimu hakukijua Kibemba vizuri. Darasani alikuwa na vitabu vya kumshika mkono, lakini nje, akikwama, aliangukia Kiswahili, kile cha ng'ambo, upande wa Kongo, nasi tulikielewa kwa ajili ya biashara ya samaki. Ijumaa ile alitutuma nyumbani na ujumbe kwa wazazi: wiki ijayo tutapanda kando ya maji. Kwa Kiswahili, kupanda ni kutia mche ardhini, hakuna neno safi kuliko hilo. Kibemba kwa kazi hiyo kina neno lake, ukubyala. Lakini hicho hicho Kibemba kina neno ukupanda, na maana yake ni kutengeneza dawa, kumwekea mtu kitu cha uchawi. Basi fikiria watoto wa madarasa mawili wanaingia nyumbani jioni, kila mmoja kwao, na kutangaza kwamba Mwalimu amesema anataka kupanda kwenye maji tunayokunywa.

Mama aliacha mwiko ndani ya chungu. Baba aliniuliza mara mbili kama nina hakika na neno nililolisikia, na mimi nikaapa kwamba ndilo, na ndilo lilikuwa kweli. Kufika asubuhi hapakuwa na nyumba isiyokuwa na habari hiyo. Wengine walisema ni banyama, wale watu wanaosemwa wanakamata wapita njia na kuwanyonya damu. Wengine walisema dawa ni ya kuwafukuza samaki, ili watu wenyewe wahame na nchi ibaki tupu. Nani aitake nchi tupu? Usiulize. Ilikuwa miaka ile ya Federesheni, tulipounganishwa kwa nguvu na nchi za kusini, kila mtu alijua wazungu wa kusini wanataka nchi, na kila uzi uliofungwa kwenye kijiti ulikuwa mpaka wa shamba la mzungu mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Na Mwalimu, Mungu amrehemu akili, alikuja Ijumaa iliyofuata na vijiti na uzi mweupe.

Alivipigilia vijiti kando ya maji, akapitisha uzi, ili tupande kwa mstari. Alipenda mstari ulionyooka kuliko alivyopenda chakula. Usiku ule ule vijiti viling'olewa vyote. Hakuuliza aliyeving'oa. Alichonga vingine, vikang'olewa tena, akachonga vingine. Siku moja alitueleza kwamba mtu akitupa kijiti chako usimfuate mtu, fuata kijiti. Aliyasema hayo akicheka. Mimi nilijiuliza ni mtu gani anayecheka anapochukiwa.

Alipojua habari ya lile neno, alifadhaika kweli. Alikwenda nyumba kwa nyumba akisema, "Banisamehe, nilitaka kusema kubyala." Lakini ukishamwambia mtu kwamba hukusema dawa, umelitamka dawa kwa mara ya pili. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo linakuja.

Usidhani yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuamini watu. Hapo ndipo kuna mchezo. Sijamwona mtu mwenye shaka kama yeye. Hakukaa akiupa mlango mgongo. Ukimkaribisha maji aliyanusa kwanza, akajifanya anapangusa pua. Majembe ya shule aliyafungia ndani na ufunguo ukalala shingoni mwake, na ukitaka kuazima uliweka kitu rehani: kitambaa cha kichwa, mkanda, wengine kiatu kimoja. Nilirudi nyumbani kichwa wazi mara nyingi kwa sababu yake, na mama alilalamika. Nilipomuuliza kwa nini yeye hatuamini sisi wanafunzi wake, alisema anatuamini sana, ila majembe hayana miguu na bado yanatembea.

Alitukataza kula samaki wachanga, na mfukoni mwake mwenyewe kulikuwa na chisense zilizokaushwa, vile visamaki vidogo kama kidole cha mtoto, akizitafuna tangu asubuhi hadi jioni. Tulimkamata na kosa hilo, tukafurahi. Mvulana mmoja alisimama darasani akamuuliza kwa adabu zote kama samaki wa Mwalimu wana ruhusa ya serikali. Mwalimu hakukasirika. Siku ya pili alileta samaki wawili wenye urefu mmoja, akawalaza juu ya meza. Akasema huyu wa kwanza, chisense, ni mzee, ana wajukuu, amemaliza kukua. Huyu wa pili ndiye tunayemwita pale kwa Kibemba, yule ngege wetu, na ni mtoto mchanga, angekuwa mkubwa kama sahani. "Kimo si umri," alisema. "Ukila huyu umekula mzee aliyeshiba siku zake. Ukila huyu umekula arusi, na watoto wa arusi." Sikuweza tena kumla ngege mdogo bila kuwaza arusi. Hilo nalo lilinikera, kwamba mtu asiyeaminika ameingia mpaka kwenye sahani yangu.

Msemo wake aliokuwa akiurudia haukuwa wake, ulikuwa wetu: imiti ikula empanga, miti inayokua ndiyo msitu. Wazee huutumia kuwasifu vijana. Yeye aliusema kwa maana zote mbili, akiangalia matete na akituangalia sisi, na wazazi waliposikia hawakupenda. Kwa Kibemba mpanga ni msitu, na ni nchi pia. Baba aliniuliza nchi anayoisema Mwalimu ni ya nani.

Mwaka wa kwanza alishindwa vibaya, na nisimpambe. Tulikwenda mbali kwenye vinamasi kuchimba vipande vya mizizi ya matete, tukabeba vichwani, tukavitia kwenye tope la ghuba. Lakini alichelewa. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza, ziwa likajaa, mawimbi yakachimbua kila kitu yakakitupa mchangani. Watu walifurahi waziwazi. Mwalimu aliokota vipande vilivyobaki, akavifukia kwenye tope nyuma ya nyumba yake, akawa anavimwagia maji kila siku kama mtu anayetunza mboga. Mwaka uliofuata tulianza wakati wa jua kali, maji yakiwa chini, na mizizi ikashika.

Ikashika, na ikaanza kung'olewa kwa mikono. Hapo Mwalimu alifanya jambo ambalo mpaka sasa sijui niliite hekima au hila. Alituambia kila mwanafunzi achukue kishina chake na akipe jina la babu au bibi aliyefariki. Kwetu jina si sauti tu. Mtoto akipewa jina la marehemu, mupashi wake, ile roho ya marehemu, huja nalo na kumtunza. Mimi nilikipa kishina changu jina la mama yake baba, ambalo ndilo jina langu pia. Tukarudi nyumbani, tukasema. Baba alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. Alisema Mwalimu amewachukua wafu wetu akawafanya walinzi wa shamba lake. Aliteremka ghubani kwa hatua kubwa, nami nikamfuata nikiwa na hofu, akakiona kishina, akasimama mbele yake. Akachuchumaa. Alikitazama muda, kisha akakisogezea tope kidogo kwenye mizizi kwa kidole, akarudi nyumbani. Kuanzia siku ile hakuna tete lililong'olewa, lakini chuki haikupungua.

Walimwita kwenye nsaka, kile kibanda cha wazi ambapo mzee wa kijiji alisikiliza mashauri. Wanafunzi tulikuwa nje, tukisikia kila kitu. Wanaume waliongea juu ya nyuzi na mipaka. Mwalimu alijibu kwa upole. Kisha baba akasimama, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema, watu walinyamaza.

"Ba Mwalimu, miye nina swali moja tu. Nani alikutuma?"

Mwalimu alisema, "Miye nafundisha batoto. Hii ni masomo."

"Sikuuliza unafundisha nini. Nauliza nyuma yako kuna nani. Bazungu ba Boma? Ba kampuni? Mutu habebi tope kila Ijumaa kwa bure."

Na Mwalimu hakujibu. Alifungua mdomo, akatafuta neno, akaufunga. Labda lugha ilimkwamisha tena, labda hakuwa na jibu ambalo watu wale wangelikubali. Sisi wote tuliona alivyonyamaza, na kila mmoja akaondoka na ukimya ule nyumbani kwake akaupa tafsiri yake.

Lakini mkutano haukuishia hapo, kwa sababu mama yangu alidakia kutoka upande wa wanawake. Alisema wanaume wanaongea juu ya wazungu ambao hawajafika, na mamba wamekwisha fika. Matete yakikua yatamficha mamba mahali pa kuchotea maji, na anayechota si Mwalimu, ni wao na binti zao. Mwalimu akasema ataacha pengo pana pale, bila tete hata moja. Mama akasema pengo zuri ni la maneno, na kama analiamini basi achote yeye. Watu walicheka sana. Mwanaume kuchota maji, tena mwalimu wa shule, ni aibu isiyo na dawa. Mwalimu akasema, "Nitachota."

Asubuhi yake tulimwona akishuka na mtungi na ngata kichwani. Hakujua kuiweka ngata. Ilimteleza hadi kwenye sikio, maji yakamwagikia shati, watoto wakamfuata wakiimba. Alichota kwa wajane kwanza, kisha kwa nyumba zilizokuwa karibu na maji. Na wanawake walifanya nini? Waliyamwaga. Walingoja ageuke, wakamwaga mtungi wote mchangani, wakaenda kuchota wenyewe. Walisema hapo ndipo amepata njia: zamani alipanda kwenye ziwa kubwa, sasa anapanda moja kwa moja kwenye mitungi yao.

Mama hakumwaga. Alikuwa mkaidi, na ndiye aliyemtia kwenye kazi ile. Lakini hakuwa mjinga pia. Kila asubuhi Mwalimu alipotua mtungi mlangoni petu, mama alichota kikombe akampa anywe yeye kwanza, mbele ya macho yake, mpaka tone la mwisho. Alimtazama koo likipanda na kushuka. Kisha alingoja kidogo, akaongea mambo mengine, habari za shule, bei ya chumvi, na alipoona bado amesimama kwa miguu yake, akamshukuru na kuingiza mtungi ndani. Jambo hili liliendelea kiangazi chote. Mwalimu, yule aliyenusa maji ya kila mtu, hakukataa kikombe hata siku moja, na hakuonyesha kuudhika. Siku moja mama alikuwa na homa, mimi ndimi niliyepokea mtungi, nikasahau kumpa kikombe. Alikichukua mwenyewe, akachota, akanywa, akakirudisha mahali pake, akaenda zake.

Mwaka ule mamba hakumchukua mtu. Sisemi ni kwa sababu yake.

Matete yalikua. Yalipita kimo cha mtu, yakaanza kunong'ona upepo ukija, na maji ndani ya ghuba yakarudi kuwa ya rangi ya maji. Tulipoingia darasa la mwisho Mwalimu alitupeleka ukingoni, akatuambia tusipige kelele, tuinamishe nyuso karibu na maji. Kati ya mashina kulikuwa na vifaranga vya samaki, vingi, vimesimama pamoja, na vikageuka vyote kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimepanga kutofurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasema ni jua.

Na baba alianza kupata samaki tena. Hakuingia ndani ya matete. Alikaa mdomoni mwa ghuba, nje kabisa, akawapata ngege wakubwa waliokuwa wakitoka, wanene, wenye mafuta. Alinunua bati la nyumba. Hakumshukuru Mwalimu. Alisema samaki wamekuja wenyewe. Lakini siku moja nilimwona akipeleka samaki mmoja mkubwa, amefungwa kwenye majani, akamweka mlangoni pa Mwalimu na kuondoka haraka kabla mlango haujafunguliwa. Nilifikiri mambo yamekwisha, na nadhani hata baba alifikiri hivyo.

Kisha akaja mzungu wa samaki, mtu wa serikali, na boti la injini. Hatukumwita, na sijui ni nani aliyemwita. Hapo ndipo shaka yangu yote imekaa mpaka leo. Alikuwa mtu wa tabasamu, na kaptula, na miwani. Alizunguka ghuba nzima, akashika matete, akapiga picha, akamuuliza karani wake maneno, naye karani akajibu bila kututazama. Wanafunzi tulisimamishwa mstari. Mwalimu alikuwa pale, shati safi, naye alimwonyesha mzungu mdomo wa ghuba na mtumbwi wa baba, akaeleza kitu kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Mzungu akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyesikia wimbo. Hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza cha kutosha kujua ni kitu gani kilichosemwa.

Baada ya mavuno ubao ukasimikwa mchangani. Ghuba hii ni mahali pa kuzalia samaki, kuvua ni marufuku. Si ndani ya matete tu. Ghuba yote, pamoja na mdomo wake, mpaka kwenye ulimi wa mchanga. Askari wa Boma, ile ofisi ya serikali, alikuwa akipita kuangalia, na alimnyang'anya mtu wavu mbele ya watu ili wengine waelewe.

Hakuna aliyemfanyia Mwalimu fujo. Ingekuwa afadhali. Watu waliacha tu kuitikia makofi yake. Alichuchumaa mbele ya wazee na wazee wakatazama ziwa. Baba alijaribu nje, kwenye maji makubwa, na mtumbwi wake mdogo. Mara mbili upepo ulimrudisha nusu amezama, na mama akamwambia basi. Aliuza wavu. Asubuhi moja alipanda lori la samaki liendalo migodini, akakaa juu ya vikapu vya samaki waliovuliwa na watu wengine, akiwa amevaa koti la marehemu kaka yake ambalo sikujua kama bado lipo. Aliniambia nimtunze mama. Lori lilipoanza kutembea aligeuza uso upande wa ghuba, na kidole chake kikanyooka kuelekea nyumba ya Mwalimu, akakishusha. 

Nilikutana na Mwalimu baada ya hapo, karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini. Nilikuwa nimekwisha acha shule, nauza samaki wakavu pamoja na mama. Ilikuwa mchana, wanawake wameanika chisense mchangani, nami napita na kikapu. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kando ya maji. Amehamishwa, alisema, anangoja mtumbwi wa kumpeleka upande wa Mununga, kuna shule huko. Alikuwa amekonda. Hakuna mtu aliyekuja kumsindikiza, hata mwanafunzi mmoja.

Ningeweza kupita. Lakini alichuchumaa, akapiga makofi, akauliza habari za baba. Nikamwambia hatujapata neno. Akainamisha kichwa. Na mimi nikahisi hasira inapanda, hasira ya miaka, nikamuuliza swali la baba, kwa sauti ya baba.

"Nani alikutuma, Mwalimu? Leo unaondoka. Niambie."

 Akasema siku ile mzungu alipokuja, alimwambia mdomo wa ghuba ubaki wazi, kuna mutu anavua pale na hagusi watoto wa samaki. Ubao uliposimikwa, alipanda baiskeli akaenda mpaka Boma kuyasema tena.

"Nilikaa kwenye baraza mpaka jua likageuka," alisema. "Karani akatoka. Akaniuliza swali lako hilo hilo. Nani alikutuma? Nikasema hakuna mutu. Akasema basi, kama hakuna mutu, rudi kwenu."

Angeweza kuwa anadanganya. Nililifikiria hilo hapo hapo, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nikamtazama usoni, na usoni hapakuwa na kitu cha kunisaidia. Basi nikatazama nyuma yake, mahali ambapo miaka yote tulikuwa na hakika kwamba wamesimama wakubwa. Palikuwa na sanduku, na maji, na mtumbwi ukija pole pole. Nikasimama pale na kikapu changu, na Mungu anisamehe, nikatamani kwa moyo wangu wote angekuwa mtu wa Boma.